Upande wa Pili wa Odeta

Mashimba hapimi santuri kwa herufi. Wapimaji wa Lisbon na Osaka wana herufi zao, zenye alama za kujumlisha na kutoa, na mnunuzi aliye ng'ambo huzisoma kama mgonjwa anavyosoma majibu ya maabara. Mashimba alizaliwa Kwimba, katika boma la ng'ombe, na alipoanza kazi hii hakuona sababu ya kuazima lugha ya mtu. Santuri isiyowahi kuguswa na sindano ni mtamba. Iliyochezwa kwa adabu na kurudishwa kwenye mfuko wake ni ng'ombe wa maziwa. Iliyotumikishwa baa miaka kumi na bado inaimba ni maksai. Zilizobaki ni za bucha, na hizo humrudishia mwenyewe bila maelezo. Ile ambayo sindano ikifika mahali fulani inaruka, wimbo ukapoteza hatua, yeye husema inachechemea. Na ng'ombe anayechechemea, kila mtu wa Kanda ya Ziwa anajua, bei yake hupangwa na mnunuzi.

Chumba chake kiko Mkuyuni, nyuma ya maduka ya mabati na saruji. Kimebanwa kati ya ukuta wa godauni na kibanda cha Ngosha, anayekata viatu vya katambuga kutoka kwenye matairi chakavu. Zamani Mashimba alikuwa fundi redio. Watu walipoanza kutupa redio badala ya kuzitengeneza, alibaki na mashine mbili za santuri, amplifaya moja nzito, na masikio. Masikio hayo ndiyo yaliyomtangaza. Mtu akikuta sahani kwenye sanduku la marehemu baba yake, awe Geita, Musoma au Ukerewe, na akasikia kwamba kuna Wazungu na vijana wa Dar wanaozitafuta, huelekezwa kwake. Akishasema, amesema. Hupenda kuwaambia watu kwamba mpima ng'ombe anayerudi mnadani kesho yake kusema alikosea, heri akauze nyanya.

Neno lake husafiri kupitia Elias, mtu wa makamo anayeishi Dar es Salaam na kuifanyia kazi kampuni ndogo ya ng'ambo inayofyatua upya muziki wa zamani wa Afrika. Elias ndiye anayewageuza ng'ombe kuwa herufi. Mwaka jana, mwanzoni mwa masika, alipiga simu kuhusu santuri moja ndogo, ya wimbo mmoja kila upande, iliyorekodiwa Nairobi katikati ya miaka ya sabini na bendi ya Mwanza iliyoitwa Kimondo. Upande wa kwanza ulijulikana. Upande wa pili, watu walisema, ulikuwa roki ya progresivu.

Roki ya progresivu ni muziki wa vijana waliochoka kuchezewa dansi na watu ukumbini na kutaka kusikilizwa. Ulianzia Uingereza, wimbo mmoja ukijaza upande mzima wa sahani kubwa, kinanda kikiunguruma kama cha kanisa kuu, mdundo ukibadilika katikati ya safari bila kumuuliza abiria. Kutoka huko ulifika Buenos Aires, ukafika Istanbul, na kila ulipofika ulikuta vijana waliodhani umetungwa kwa ajili yao. Kwa hiyo kufika Mwanza si ajabu kubwa kama wanunuzi wanavyopenda iwe. Ajabu ndogo ni kwamba santuri yenyewe haikuonekana popote, isipokuwa nakala moja iliyokuwa Sengerema kwa mjane wa mpiga kinanda.

Mjane huyo, Celestina, alivuka na kivuko cha Kamanga asubuhi, akiwa na santuri ndani ya foronya, katikati ya vitabu viwili vya nyimbo za kanisa ili isipinde.

"Hodi waitu."

"Karibu mama. Kaa hapo. Hicho kingine kina mguu mbovu."

"Naona una viti kama Wasukuma wote. Kimoja cha mgeni, kimoja cha ajali."

Nyundo ya Ngosha ilinyamaza upande wa pili wa ukuta. "Huyo ni mtu wa Bukoba!" alisema Ngosha. "Nshomile kafika, msomi wa Kihaya! Mashimba, ficha vitabu vyako vyote viwili, asije akavisahihisha!"

"Mwambie jirani yako," Celestina alisema bila kupandisha sauti, "kwamba nimewadunga sindano Wasukuma wa Sengerema miaka thelathini, na wanaume ndio waliolia."

Alikuwa muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Muleba, mwenye mikono isiyotulia mpaka ipewe kazi. Aliifungua foronya, akaitoa santuri, akaiweka mezani upande wa kwanza ukiangalia chini.

"Hapo chini ni Odeta," alisema.

Mashimba aliujua wimbo huo. Nani asiyeujua? Redio iliupiga miaka kadhaa, maharusi waliingia nao ukumbini, na hata sasa ukipigwa kwenye kipaimara wazee huinuka. Mwimbaji alimlilia Odeta arudi, gitaa nalo likamlilia, ukaisha.

"Nimeishi na Odeta tangu nilipoolewa," Celestina aliendelea. "Watu wakijua mume wangu Jovinary alikuwa Kimondo, wananiimbia. Sokoni, wodini, hata msibani kwake mwenyewe wameniimbia. Odeta ukimsikiliza vizuri, Jovinary anabonyeza sauti mbili tu, moja na nyingine, kama mlinzi anayefungua na kufunga geti. Upande huo wafanye watakavyo. Mimi nimeleta huu wa juu."

Wimbo wa juu uliitwa *Safari ya Kisesa*, kwa jina la kijiji kilicho nje kidogo ya Mwanza. Hauna maneno. Jovinary aliutunga mwenyewe akiwa karani kwenye kinu cha pamba na mpiga kinanda wa misa ya pili, baada ya padri mmoja kijana kumwazima sahani za roki kutoka kwao Ulaya. Redio haikuupiga. Wenye baa waliujaribu mara moja, wakaona watu wanakwama katikati ya ukumbi kama ng'ombe kwenye tope, wakageuza sahani upande wa Odeta. Bendi ilikufa, kinanda kikauzwa, na miaka minne iliyopita Jovinary naye akafariki. Hakuwahi kurekodiwa mahali pengine popote.

"Picha zake zote amesimama kama mtu anayesubiri hukumu," alisema Celestina. "Hakuna hata moja yuko kwenye kinanda. Mikono yake iko humo tu. Nataka itoke alivyopiga. Sina lingine."

Mashimba aliichukua sahani kwa kingo, akaiosha kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, akaikausha kwa kitambaa cha fulana iliyokwisha. Aliipeleka dirishani akaiinamisha ili mwanga upite juu ya mistari yake kwa mshazari. Upande wa Odeta ulikuwa umechoka, umekwaruzwa na sindano za baa, lakini hauna jeraha. Aliutamkia hukumu palepale: maksai. Upande wa pili ulimfanya asogeze miwani. Ulikuwa mweusi wa kung'aa, mistari yake imesimama, kama umechezwa mara chache na mtu mmoja mwenye mkono mwepesi.

"Huyu kazaa mara moja tu," alisema, na kwake hiyo ni sifa.

Aliweka sindano. Kinanda kiliingia kwa chini, polepole, kikapanda. Besi ikakifuata, kisha ngoma, na Mashimba akaanza kuhesabu kwa kidole gotini kama anavyohesabu siku zote. Kidole kilikwenda vizuri mistari mitatu ya mdundo. Kwenye wa nne kilishuka kikakuta hakuna kitu. Wimbo ulikuwa umekosa hatua, kisha ukaendelea kana kwamba haujui. Mistari mitatu tena, hatua ikakosekana tena.

"Inaruka," alisema.



Alipunguza sauti mpaka ukabaki ule mlio mdogo wa sindano yenyewe, akauinamia mkono wa mashine kuuangalia. Sindano ikiruka, mkono hushtuka na hutoa mlio kama kucha kwenye bati. Huu haukushtuka wala haukutoa mlio. Akafanya kama walivyokuwa wakifanya baa zamani: akaweka sarafu juu ya kichwa cha mkono ili kuikandamiza sindano. Hatua ilikosekana palepale. Akaondoa sarafu, akaizungusha sahani kwa kidole, taratibu, akiangalia mstari wa sahani kwa kioo cha kukuzia. Mstari ulikuwa mzima.

Upande wa pili wa ukuta Ngosha alisema, "Ngoma gani hiyo yenye mguu mfupi? Izimeni, inaniharibia nyundo!"

Mashimba alizima. Akasema kama mtu aliyefunga hesabu. "Kilema hiki ni cha kuzaliwa. Sahani ni nzima. Ilirekodiwa hivyo. Mashine ya studio ilikuwa na jino lililokatika, ikizunguka inameza hatua. Nimeshaona."

"Jovinary hakuwahi kuniambia kuna kosa."

"Mama, kuna mwanamume anayemwonyesha mkewe kosa lake?"

"Wa Kihaya hana la kuonyesha," alisema Celestina, lakini mzaha huo aliutoa kwa mazoea tu. Alikuwa anaikunja foronya, akiikunjua, akiikunja tena.

Elias alikuja baada ya siku chache na mashine yake ya kunasia sauti. Alimsalimu Mashimba shikamoo kwa mikono miwili, akamsalimu Celestina, akazinasa pande zote mbili kwenye kompyuta, akaandika hukumu: Odeta, maksai. Safari ya Kisesa, kazaa mara moja, anachechemea tangu kuzaliwa. Kampuni ilijibu haraka. Kuchechemea hakukuwa tatizo. Walikuwa na fundi huko kwao ambaye angeweza kuchukua hatua nzima sehemu nyingine ya wimbo na kuipandikiza penye pengo, kila penye pengo, na sikio lisingejua. Waliuliza kama familia inakubali.

Celestina alikubali. Ameshika miguu ya watoto waliozaliwa ikiwa imepinda, ameifunga bandeji akiwa na mama zao wanaotazama pembeni. Mtu akikuambia kilema kina dawa, humuulizi mara mbili.

Wimbo uliotibiwa ulifika kwenye simu ya Mashimba kiangazi kilipoanza. Elias alisema kiwanda kitaanza kufyatua wiki inayofuata, na mama asikie kwanza, kwa heshima. Mashimba aliusikiliza peke yake akaridhika. Kidole chake kilitembea gotini kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuanguka. Alimpigia Celestina, naye akavuka na foronya yake.

Aliunganisha simu na amplifaya nzito. Kinanda kikaingia kwa chini, kikapanda. Celestina alisikiliza mkoba ukiwa mapajani. Ngoma zilipoingia alikunja uso. Zilipokwenda mistari kadhaa akanyoosha mkono kama anayesimamisha baiskeli.

"Huyu ni nani?"

"Ni yeye. Ni ileile, mama. Imenyooshwa."

"Huyu si Jovinary. Huyu anatembea kama anachelewa ofisini."

"Hatua zimetimia tu. Umezoea ile yenye kilema."

"Mzee Mashimba, mimi nimekaa naye miaka arobaini na moja. Usinifundishe alivyokuwa anatembea." Akaionyesha amplifaya kwa kidole. "Pale mlipoziba. Pale palipokuwa kimya. Pale alikuwa anafanya hivi."

Aliuweka mkoba sakafuni, akaweka mikono hewani mbele yake kama iliyo juu ya kinanda, vidole vikichezacheza. Kisha akainyanyua yote miwili, juu, mpaka usawa wa paji la uso, akaishusha.

"Kila mara?"

"Kila mara. Nyumbani alikuwa na kinanda kidogo cha kanyagio, alipiga wimbo huu jioni nikipika. Akifika pale, mikono juu. Watu wa bendi walidhani ni mbwembwe. Mimi pia."

"Na macho?"

"Macho nini?"

"Macho yake alikuwa anatazama wapi?"

"Juu! Anatazama juu kwenye mabati kama kuna mtu. Nilimwambia, baba, ukija kusahau ukafanya hivyo kanisani, padri atadhani unamwona Bikira Maria."

Mashimba aliinuka. Aliitoa santuri kwenye foronya, akaiweka kwenye mashine, akashusha sindano kwenye ule upande wenye kilema. Safari hii hakuhesabu kwa kidole. Alisimama katikati ya chumba mikono ikining'inia, akaacha mistari mitatu ipite, na kwenye wa nne, pale pasipokuwa na kitu, alitazama mwenyewe juu.

Huko Kwimba mjomba wake Ndalahwa alikuwa na kundi la bugobogobo, ngoma ya majembe. Watu husimama kwenye mstari, jembe mkononi, wanalizungusha kwa ngoma, kisha wote kwa pamoja wanalirusha. Ndalahwa alikuwa na sheria moja kwa wapiga ngoma wake. Jembe likiwa juu, ngoma inanyamaza. Si kwa uzuri. Ngoma ikigonga wakati huo, kichwa cha mchezaji hushtuka kuifuata, jicho linaliacha jembe, na jembe halina shukrani, linamrudia aliyelirusha. Mpigaji aliyejaza pengo hilo alinyang'anywa ngoma mbele ya watu. Mashimba alicheza kwa mjomba mpaka alipoondoka kuja mjini kujifunza redio. Tangu hapo amesikiliza sindano tu.

"Mama," alisema, "mumeo alikuwa anakwenda Kisesa kufanya nini?"

Celestina alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Tulipokuwa bado tunaishi hapa Mwanza, kila Jumapili, misa ikiisha, anapanda baiskeli. Kutazama Wasukuma wanarusha majembe, anasema. Nani angemwamini? Nilijua ana mwanamke. Nilimfuata mara moja, mimi na mimba yangu, nikamkuta kweli amekaa chini kwenye vumbi anatazama majembe mdomo wazi. Nilirudi nimeaibika kuliko ningemkuta na mwanamke."

Mashimba alimpigia Elias palepale.

"Ile dawa iondoeni," alisema baada ya salamu. "Rudisheni kama ilivyokuwa."

"Mzee, ni wewe uliyesema kilema cha kuzaliwa. Nimeandika."

"Nilisema. Sio kilema. Nimekosea."

Nyundo ya Ngosha ilinyamaza. 

"Nimesikia vizuri?" Elias aliuliza.

"Umesikia. Hiyo ndiyo hatua yake. Jembe liko juu."

"Jembe gani tena mzee wangu? Fundi ameshamaliza kazi yake. Kiwanda wiki ijayo. Na nikimwambia fundi jembe liko juu atanielewa? Wateja watasema sahani inaruka, watazirudisha."

"Basi subiri nikuonyeshe."

Akatoka. Barabarani, mbele ya duka la vifaa vya kilimo, mwanamke kijana aitwaye Queen alikuwa amepanga majembe mapya yenye mipini. Mashimba alichagua moja, akalipima uzito kwa kiganja.

"La shamba lipi, babu?" aliuliza Queen.

"La kuazima. Nalirusha kidogo nakurudishia."

"Unalirusha wapi?"

"Juu."

Queen alimtazama Celestina, Celestina akaitikia kwa kichwa kama anayemthibitishia daktari, na Queen akafunga kibanda kwa kanga akawafuata, kwa sababu jembe lilikuwa lake.

Waliwasha amplifaya dirishani. Ngosha alipewa simu ya Celestina apige picha za video. Kwanza Mashimba aliomba wimbo uliotibiwa, ili fundi aone. Alisimama kwenye uchochoro, mtu wa miaka sabini kasoro, suruali imepandishwa magotini, akalizungusha jembe kwa mistari mitatu, mwili ukikumbuka polepole kama mtu anayeitwa jina la utotoni. Kwenye wa nne alirusha. Jembe lilipokuwa juu, ngoma iliyopandikizwa ikagonga. Kichwa chake kilishtuka. Jembe likapita begani, likatua kwenye rundo la matairi.

"Kidogo uniachie ujane!" Ngosha alipiga kelele.

"Wewe nani akuoe?" alisema Celestina. "Endelea kupiga picha."

Kisha wakaweka santuri yenyewe. Mistari mitatu. Kwenye wa nne Mashimba akarusha, na kila kitu kikanyamaza: kinanda, besi, ngoma. Jembe lilipanda, likageuka mara moja, bati lake jipya likawaka jua, likashuka, na mpini ulipoingia kiganjani ngoma ikagonga. Watu wa duka la mabati walikuwa wametoka. Mistari mitatu tena, akarusha, akadaka. Safari ya tatu alidaka kwa shida, na ya nne hakujaribu. Alisimama akihema, jembe begani, wakati kinanda kikiendelea bila yeye.

Celestina hakuwa anamtazama. Mara zote tatu, jembe lilipokuwa juu, alikuwa ametazama jembe.

Ngosha alituma video. Elias alipiga usiku wa siku hiyo.

"Shikamoo mzee. Mke wangu anauliza kama uko salama."

"Marahaba. Mkono umevimba kidogo."

"Nimemtumia fundi. Kaitazama, kacheka, kaitazama tena, kanyamaza. Anasema ataondoa dawa yake. Lakini kampuni inasema lazima tuandike kitu kwenye jalada, la sivyo watu watazirudisha."

"Andikeni kwamba mpimaji wa Mwanza alisema inaruka, akakosea."

"Niandike jina?"

Mashimba alifikiri. Alifikiri kuhusu Geita na Musoma na Ukerewe, na watu waliopokea hukumu yake bila kuuliza, na kwamba kuanzia sasa watauliza. "Andika," alisema.

Santuri mpya zilifika Mwanza kabla ya Krismasi, katika sanduku moja, zikiwa na harufu ya plastiki na ya mbali. Kwenye jalada, chini ya jina la bendi, palikuwa na mstari mdogo wenye jina la Mashimba na kosa lake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mwezi uliofuata wateja wawili walimletea santuri zao bila haraka, wakakaa kumwangalia akipima, jambo ambalo zamani hawakulifanya. Mmoja aliuliza, "Una hakika?" Mashimba akasema ana hakika, na akapima tena mara ya pili.

Celestina alipokuja kuchukua nakala zake, Elias alikuwa ametuma ujumbe mwingine. Mashimba alimsomea. Mnunuzi mmoja wa Antwerp alikuwa ameirudisha sahani yake. Alikuwa ameandika kwamba upande wa kwanza ni mzuri sana na upande wa pili una hitilafu kubwa, unaruka kila baada ya muda mfupi, na kwamba hakuweza kuvumilia.

Ngosha alitukana Antwerp, ingawa hakujua iko wapi.

"Amesema alifika wapi?" Celestina aliuliza.

"Anasema alizima alipofika katikati."

"Basi kinanda chenyewe hakukisikia. Kile kirefu kinaanza baada ya katikati." Aliziingiza santuri kwenye foronya moja baada ya nyingine, akaifunga mdomo kwa fundo. "Hata wenye baa walikuwa wanafika katikati hivyohivyo wakazima. Jovinary alikuwa anasema, wacha watoke, tutabaki wenyewe."

Akaomba kusomewa ujumbe ule tena, ile sehemu ya hitilafu kubwa, akaisikiliza kama anayesomewa sifa, kisha akaaga kwa sababu kivuko cha mchana kilikuwa kinakaribia kuondoka.